Paja Likiumia, Kupumzika Tu Hakumrudishi Mtu Kwenye Baiskeli

Mwendesha baiskeli wa kazi katika Kibera au Kawangware akiumia paja, mara nyingi mambo huenda kwa mtindo uleule. Siku za kwanza analala, mguu umeinuliwa juu ya mto, anakandwa kwa maji moto na kumeza tembe za kutuliza maumivu. Maumivu yakipungua, anaamka asubuhi moja, anapakia mzigo uleule aliokuwa akiubeba kabla ya kuumia, anakanyaga pedali kupanda mlima, na jioni paja linauma upya. Analala tena. Miezi inapita hivyo, na jeraha ambalo lingekwisha kwa majuma machache linamzoea mtu likawa sehemu ya maisha yake. Majirani husema mguu umeharibika, au kwamba umri umemfikia. Mimi nasema kosa liko katika utaratibu huo wenyewe, wa kulala kabisa kisha kurudi kazini kwa mkupuo mmoja. Msuli wa paja hupona kwa kupewa kazi mapema na kidogo kidogo, na mwenye paja anapaswa kurudi barabarani kwa kupima nguvu za mguu. Kungoja maumivu yanyamaze, au kuhesabu majuma kwenye kalenda, hakutoshi.

Ni vizuri kwanza kuelewa tunazungumzia nini, kwa sababu “kuumia paja” ni jina linalobeba majeraha yasiyofanana. Mbele ya paja kuna misuli minne mikubwa inayonyoosha goti, na ndiyo hasa inayosukuma pedali chini. Nyuma kuna misuli mitatu inayoanzia kwenye mfupa wa kalio, ule tunaoukalia, ikapita nyuma ya nyonga na kushuka hadi chini ya goti. Nyuzi za misuli hii zinaweza kuchanika mtu anapojikaza ghafla au anapoteleza mguu ukiwa umenyooka. Misuli ya mbele inaweza kuvilia damu ikigongwa na usukani au na kioo cha matatu. Kano ya misuli ya nyuma, pale inaposhika mfupa wa kalio, inaweza kuchakaa polepole kwa mzigo wa kila siku, na hili ndilo linalowasumbua watu kwa miezi bila wao kukumbuka siku walipoumia. Na mfupa wenyewe wa paja, ulio mrefu kuliko yote mwilini, unaweza kuvunjika. Huo haushughulikiwi nyumbani hata siku moja. Ni wa hospitali na ni wa haraka, kwa maana mtu anaweza kupoteza damu nyingi ndani ya paja bila tone kuonekana nje.

Mazingira ya mitaa hii miwili yanayabebesha mapaja kazi ambayo mwendesha baiskeli wa mchezo haijui. Kibera inateremka kutoka upande wa Ngong Road na Makina kwenda mto Ngong na bwawa la Nairobi, na anayeshuka na mzigo hadi Lindi au Silanga hana budi kupanda tena. Mtungi wa maji wa lita 20 una kilo 20 za maji. Mitungi minne ni kilo 80, uzito wa mtu mzima, juu ya baiskeli ya chuma aina ya black mamba isiyo na gia ya kupunguza ugumu wa mlima. Huko Kawangware, wanaosambaza mikate, maziwa na mboga kutoka sokoni wanapenya kati ya matatu kwenye barabara za Naivasha na Gitanga, wakisimama na kuondoka kila baada ya hatua chache. Kuondoka kutoka kusimama, mzigo ukiwa nyuma, kunavuta paja kuliko mwendo wa kawaida. Kwa hiyo anayerudi barabarani na mzigo kamili siku ya kwanza anaupa mguu dhaifu kazi ngumu kuliko zote alizowahi kuufanyisha.

Kwa nini mguu huwa dhaifu hata kama mtu amepumzika vizuri? Kwa sababu kupumzika kwenyewe kunaudhoofisha. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Maastricht, Uholanzi, waliwachukua vijana wa kiume 24 wenye afya kamili, wasio na jeraha lolote, wakawafunga plasta mguu mmoja. Matokeo yalichapishwa mwaka 2014. Waliofungwa kwa siku 5 tu walipoteza asilimia 3.5 ya ukubwa wa misuli ya mbele ya paja na asilimia 9 ya nguvu zake. Waliofungwa kwa siku 14 walipoteza zaidi ya asilimia 8 ya ukubwa na karibu asilimia 23 ya nguvu. Tazama jinsi nguvu zinavyoondoka haraka kuliko nyama. Mtu anaweza kujitazama pajani akaona mguu haujakonda sana, kumbe karibu robo ya nguvu zake imeondoka. Ni kweli kwamba wasiofungwa plasta hawatulii namna hiyo, lakini anayelala majuma mawili kitandani na kuchechemea hadi msalani hayuko mbali na hali hiyo, tena yeye ana jeraha juu yake.

Ushahidi wa pili unagusa jambo lenyewe hasa. Huko Copenhagen, Denmark, watafiti walifuatilia wanamichezo wa ridhaa 50 waliochanika vibaya misuli ya paja au ya nyuma ya mguu chini ya goti. Nusu walianza mazoezi ya tiba siku 2 baada ya kuumia, na nusu walianza baada ya siku 9. Mazoezi yalikuwa yaleyale. Tofauti ilikuwa siku saba za kungoja. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2017 yalionyesha kwamba kundi la kwanza lilirudi mchezoni bila maumivu baada ya siku 62.5 kwa wastani wa kati, na la pili baada ya siku 83. Juma moja la kungoja liligharimu karibu majuma matatu. Nimeusoma utafiti huu mara kadhaa nikitafuta mlango wa kuupuuza, na sijauona. Hao hawakuwa wachezaji wa kulipwa wenye daktari pembeni ya uwanja. Walikuwa watu wa kawaida wenye kazi zao, kama walivyo wasomaji wengi wa makala haya.

Sababu ya kimwili inaeleweka bila shida. Nyuzi zilizochanika huzibwa na kovu, na kovu likiachwa bila kuvutwa hukaa ovyo, nyuzi zake zikielekea kila upande. Likivutwa kwa kiasi, nyuzi mpya hujipanga kufuata upande wa mvuto, na ndipo zinapoweza kuhimili kazi. Namna ya kuvuta nayo ina uzito wake. Utafiti wa Sweden wa mwaka 2013 uliwahusisha wachezaji 75 wa kandanda waliochanika misuli ya nyuma ya paja. Waliopewa mazoezi ya kuurefusha msuli huku ukibeba uzito walirudi mazoezini na timu baada ya wastani wa siku 28. Wenzao waliopewa mazoezi ya kawaida walichukua siku 51. Mazoezi ya kundi lililofanya vizuri hayakuhitaji mashine yoyote. Yanaweza kufanywa kwenye sakafu ya udongo ndani ya nyumba ya mabati.

Hapa linakuja swali la maumivu, nalo ni zito kwa sababu wengi tumelelewa kuamini kwamba kinachouma kinaharibika. Imani hiyo ina ukweli nusu. Maumivu makali, ya ghafla, yanayomfanya mtu aushike mguu, yasikilizwe. Lakini maumivu madogo wakati wa zoezi, ambayo mtu angeyapa alama tatu kwa kumi na yanayotulia kufikia asubuhi, hayazuii kupona. Huko Australia wanaume 43 waliochanika misuli ya nyuma ya paja waligawanywa makundi mawili, moja likifanya mazoezi bila maumivu kabisa na jingine likiruhusiwa maumivu ya kiasi. Muda wa kurudi haukutofautiana kwa maana. Walioruhusiwa maumivu ya kiasi walibaki na nguvu zaidi baadaye. Upande wa pili wa jambo hili ndio unaowaponza waendesha baiskeli wetu: maumivu yakiisha, haina maana kwamba mguu umerudi. Uchunguzi wa majeraha katika klabu kubwa za kandanda za Ulaya, uliofanywa kwa misimu 21 hadi 2022 chini ya shirikisho la UEFA, ulionyesha kwamba asilimia 18 ya majeraha ya misuli ya nyuma ya paja yalikuwa ya kujirudia, na asilimia 69 ya hayo yalitokea ndani ya miezi miwili baada ya mchezaji kurudi uwanjani. Hao walikuwa na madaktari, na yamkini wengi hawakuwa wakisikia maumivu waliporuhusiwa kucheza.

Mfano unaotufaa zaidi kuliko takwimu zote hizo una mizizi palepale jirani na Kawangware. Ukiifuata barabara kupitia Dagoretti unafika Kikuyu, na karibu na Kikuyu kuna kijiji cha Mai-a-Ihii, ambako David Kinjah, mwendesha baiskeli aliyewahi kuivalia Kenya jezi ya taifa, amekuwa akiwafundisha vijana katika kundi lake la Safari Simbaz kwa miaka mingi. Mmoja wa waliofunzwa hapo ni Chris Froome, aliyezaliwa Nairobi Mei 1985 na ambaye mama yake alimpeleka kwa Kinjah akiwa bado mtoto. Froome alishinda Tour de France mwaka 2013, 2015, 2016 na 2017. Tarehe 12 Juni 2019, akikagua njia ya mashindano ya Dauphiné mjini Roanne, Ufaransa, upepo uliyumbisha gurudumu lake kwenye mteremko akiwa ameuachia usukani mkono mmoja, akagonga ukuta. Alivunjika mfupa wa paja la kulia, kiwiko na mbavu, akafanyiwa upasuaji wa saa nyingi Saint-Étienne. Februari 2020, miezi minane baadaye, alikuwa akishindana tena katika Falme za Kiarabu. Mwishoni mwa mwaka huo alimaliza mashindano ya majuma matatu ya Uhispania.

Kwa macho ya mtazamaji, alikuwa amepona. Mfupa ulikuwa umeunga na alikuwa akiendesha kwa saa nyingi kila siku. Lakini mwanzoni mwa 2021, alipopimwa mguu mmoja mmoja katika kituo cha mazoezi huko California, ilibainika kwamba mguu wa kulia ulikuwa dhaifu kuliko wa kushoto kwa takriban asilimia 20. Hiyo ilikuwa zaidi ya mwaka mmoja na nusu baada ya ajali. Mguu mzima ulikuwa umejifunza kuubebea mwenzake kazi, na kwenye baiskeli hilo halionekani kwa urahisi, kwa sababu pedali mbili zimeungana na mguu wenye nguvu huuzungusha ulio dhaifu. Akalazimika kurudi nyuma, kwenye mazoezi ya msingi ya mguu mmoja ambayo mgonjwa hufanya miezi ya mwanzo. Julai 2022 alishika nafasi ya tatu katika hatua ya Alpe d'Huez ya Tour de France, siku bora kuliko zote alizopata tangu kuanguka, ingawa tangu ajali ile hajashinda tena shindano kubwa. Nasisitiza habari hii kwa sababu inavunja imani mbili kwa pamoja. Kuendesha baiskeli peke yake hakurudishi nguvu za mguu uliobaki nyuma. Na fedha nyingi haziwezi kununua njia ya kuruka kipimo.

Pingamizi la kwanza litatoka kwa mwenye kibarua mwenyewe, nalo ni la haki. Atasema mambo haya ni ya watu wenye mshahara, kwamba anayekula kwa alichokipata leo hawezi kukaa majuma tisa akinyoosha mguu. Nakubaliana naye kuhusu njaa, na simwambii alale zaidi. Namwambia alale kidogo kuliko alivyozoea. Utaratibu ninaoutetea unamtoa kitandani siku ya pili au ya tatu, na kama matokeo ya Copenhagen yana uzito wowote, unaweza kumrudisha kazini majuma mapema kuliko kungoja. Anachopaswa kuacha kwa muda ni mzigo mzito na mlima, wala hajakatazwa kutembea au kufanya kazi nyepesi. Hasara kubwa ya mwendesha baiskeli wa Kibera haitokani na juma la kwanza la kujitunza. Inatokana na kuumia mara ya pili, ya tatu na ya nne katika mwaka mmoja, na kila mara kukaa nyumbani upya huku baiskeli ya kukodi ikichukuliwa na mwingine.

Wa pili atauliza kuhusu kukandwa, mafuta na sindano, kwa kuwa vitu hivyo vinapatikana mtaani kwa bei ambayo mtu anaimudu na vinatuliza. Kutuliza kunasaidia, na sina ugomvi na maji ya uvuguvugu juu ya msuli uliokaza baada ya juma la kwanza au la pili. Lakini kuchua kwa nguvu paja lililovilia damu siku za mwanzo ni hatari. Kunazidisha damu inayovuja ndani, na msuli wa mbele uliogongwa vibaya unaweza hata kuota mfupa ndani yake, hali inayochukua miezi mingi kutulia. Sindano ya kuondoa maumivu nayo ina tatizo lake: inamruhusu mtu kupakia mitungi minne siku ambayo mguu unaweza kubeba mmoja. Wataalamu wa jadi wa kuunga mifupa wana heshima yao katika jamii zetu, na wapo wenye mikono ya kusifiwa, ila mfupa wa paja uliovunjika hautulii kwa vijiti na kamba. Misuli mikubwa inayouzunguka inauvuta hadi ncha zake zinapishana, na mtu anabaki na mguu mfupi maisha yake yote.

Pingamizi la tatu ndilo linalonipa taabu zaidi. Tafiti nilizozitaja ni za vijana wa Ulaya na Australia wanaokula vizuri na kulala usingizi wa kutosha. Je, misuli ya mtu anayekula mlo mmoja kwa siku itafuata ratiba hiyo? Sidhani itafuata siku kwa siku, na asije mtu akamwahidi mgonjwa wa Gatwekera siku 28 za mchezaji wa Sweden. Msuli hujengwa kwa protini, na mazoezi bila chakula hayajengi. Lakini jambo hili linarekebisha kasi, halibadilishi njia. Aliye na lishe duni hupoteza nguvu zaidi akilala, kwa hiyo ana sababu kubwa zaidi ya kutolala. Omena, maharagwe, ndengu na yai moja linapopatikana ni dawa ya paja kwa maana halisi, na katika majuma ya kupona, shilingi inayokwenda kwenye tembe za ziada ingefanya kazi zaidi sufuriani.

Sasa mpango wenyewe, kwa aliyechanika msuli na si aliyevunjika. Siku mbili tatu za kwanza ni za kutembea polepole na kuukaza msuli bila kuusogeza, mara nyingi kwa siku. Baada ya hapo, mtu analala chali, visigino juu ya kigoda, anainua kiuno na kukishusha taratibu, kwanza kwa miguu yote miwili, kisha siku zinavyosonga kwa mguu ulioumia peke yake. Kwa msuli wa mbele, anakaa kwenye kiti na kusimama bila kushika kitu, akihamishia uzito upande ulioumia kidogo kidogo. Vipimo navyo ni hivyohivyo: hesabu mara ambazo mguu mzima unaweza kuinua kiuno kabla ya kuchoka, kisha hesabu za mguu ulioumia. Mzima ukifikisha 20 na ulioumia ukafikisha 12, hakuna mjadala kuhusu mzigo wa mitungi. Uliojeruhiwa ukikaribia 18, yaani tisa kwa kumi, mlango umefunguka. Hakuna gharama katika hesabu hiyo isipokuwa uaminifu wa anayehesabu.

Baiskeli inaweza kuingia katika tiba mapema kuliko wengi wanavyodhani, kwa kuwa haimgongeshi mtu chini kama kukimbia, na goti linazunguka bila kubeba uzito wote wa mwili. Mtu akiweza kutembea bila kuchechemea na kulikunja goti kiasi cha kuzungusha pedali mzunguko mzima, anaweza kupanda baiskeli tupu kwenye tambarare kwa dakika kumi au kumi na tano. Njia za pembeni za Ngong Road kati ya Dagoretti Corner na Adams zinafaa kuliko vichochoro vya mtaani, na asubuhi ya Jumapili zinafaa zaidi. Kisha aongeze muda, halafu mlima, halafu mzigo, kimoja kwa wakati wake, asiongeze viwili siku moja. Kiti nacho kitazamwe. Ukikaa na kuweka kisigino juu ya pedali iliyo chini kabisa, goti linapaswa kunyooka. Ukirudisha sehemu ya mbele ya wayo kwenye pedali, linakunjika kidogo. Kiti kilicho juu kuliko hapo kinaivuta misuli ya nyuma kila mzunguko, na kilicho chini sana kinaitesa ya mbele pamoja na goti. Baiskeli nyingi za kukodi huendeshwa na watu wa vimo mbalimbali kwa kiti kilekile kilichoshika kutu mahali pamoja. Fundi mwenye spana na mafuta kidogo anakilegeza kwa dakika chache, na nathubutu kusema kwamba kazi hiyo ya fundi ingewaepusha watu na maumivu mengi ya kalio yanayohesabiwa kuwa ugonjwa.

Kuna dalili ambazo hazingojei mpango wowote. Aliyesikia mlio ndani ya paja na kuona shimo mahali palipokuwa na msuli, asiyeweza kukanyaga kabisa, anayehisi ganzi ikishuka chini ya goti, aliyevimba mguu mzima au kupata homa, aende hospitali siku hiyohiyo. Mbagathi iko karibu na Kibera, Kenyatta haiko mbali, na wa upande wa Kawangware anaweza kuanzia kituo cha afya cha Riruta au kufika hospitali ya PCEA Kikuyu, yenye kitengo kinachojulikana cha mifupa na viungo.

Nimesema mazoezi hayana gharama, lakini kuyajua kunahitaji mtu wa kufundisha, na hapo ndipo serikali inapoingia. Kenya ilipitisha Sheria ya Wataalamu wa Fiziotherapia mwaka 2014 na ikaunda baraza la kuwasimamia, na vyuo vyetu vinawatoa wataalamu hao kila mwaka. Ila mtaalamu akikaa hospitali kubwa pekee, mwenye paja lililochanika hatamfikia. Nauli na foleni vinamshinda, na anaona jeraha lake si la kupelekwa huko. Septemba 2023 serikali iliwazindua wahamasishaji wa afya ya jamii zaidi ya 100,000 na kuwapa mikoba ya vifaa vya kupima shinikizo la damu na sukari. Wanaingia nyumba kwa nyumba, Laini Saba na Gatina, mahali ambapo mwenye paja bovu amelala. Wafundishwe mazoezi matatu, kipimo kimoja na dalili za hatari. Nitajibiwa kwamba wameshalemewa na kwamba malipo yao ya shilingi 5,000 kwa mwezi ni kidogo. Ni kidogo kweli, na yaongezwe. Somo lenyewe, hata hivyo, ni la nusu siku, wala halihitaji kifaa kipya ndani ya mkoba.

Bima nayo ina pengo. Sheria ya Mafao ya Majeraha Kazini ya 2007 inamlinda aliyeajiriwa, lakini anayekodi baiskeli kwa siku au anayejisambazia maji mwenyewe hana mwajiri wa kumdai. Tangu Oktoba 2024 mamlaka ya afya ya jamii, SHA, imechukua nafasi ya NHIF, mfuko wa zamani wa bima ya afya, na mchango wa chini ni shilingi 300 kwa mwezi. Mwenye kusimamia fedha hizo ajiulize kama vikao vichache vya fiziotherapia katika kituo cha afya cha mtaa si nafuu kuliko mtu yuleyule kurudi mara nne na jeraha lilelile, na mwishowe kupoteza kazi na kushindwa hata kulipa huo mchango.

Lakini kuna hatua ambayo haimngoji mbunge wala waziri. Wenye baiskeli za kukodi na wenye maduka ya mikate na maji katika Kibera na Kawangware wanaweza kukubaliana na waendeshaji wao jambo moja: anayerudi kutoka kwenye jeraha la paja apewe njia ya tambarare na nusu ya mzigo kwa majuma mawili ya kwanza, na nafasi yake isipewe mwingine. Mwenye baiskeli atapungukiwa kidogo kwa majuma hayo mawili na atabaki na mtu anayezijua njia na wateja. Wakubaliane sasa, kabla ya mvua za masika kuifanya miteremko ya Kibera iteleze.